Tepu za Kibuye

Makarani wote wa ofisi yetu walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewafundisha. Saa kumi na moja jioni, kabla ya kuchukua mkoba, kila mmoja aliinama chini ya meza na kuchomoa waya wa kompyuta yake ukutani. Hakutosheka na kuzima swichi. Aliuchomoa, akauviringa, akauweka juu ya meza mahali ambapo yeyote angeona kwamba umechomolewa. Aliyekulia Kisumu anajua sababu. Mchana jua linachoma na upepo unatoka ziwani. Ikifika alasiri mawingu yanarundikana juu ya milima ya Nandi, upepo unageuka, na kabla giza halijaingia radi zinateremka uwanda wa Kano kuja mjini. Wataalamu wa hali ya hewa wanalihesabu bonde la Ziwa Victoria kuwa miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, lakini watu wa pale hawakusubiri kuambiwa. Kila ukoo ulikuwa na habari ya redio iliyoungua, au ng'ombe waliopigwa chini ya mti, au mtu.

Mimi nililetwa katika ofisi ile mwaka 1996 kutunza kompyuta, na kazi yangu ya kwanza kubwa ikawa kuwaomba watu hao waziache zikiwaka usiku.

Tulikuwa ghorofani, katika jengo lililotazamana na soko la Kibuye, kando ya barabara ya Jomo Kenyatta. Chini yetu walikuwa maseremala wa viti, vitanda na majeneza, na vumbi la mbao zao lilipanda ngazi bila kubisha hodi. Jumapili, siku kubwa ya soko, mitumba na magunia ya mahindi na beseni za omena vilisogea hadi ukingoni mwa lami. Mradi ulikuwa wa afya. Makao makuu yalikuwa Nairobi na fedha zilitoka ng'ambo. Wahoji wetu walizunguka vijiji vya Kano kwa baiskeli, kila nyumba ikitembelewa baada ya miezi kadhaa, wakiuliza maswali yaleyale: nani amezaliwa, nani amehama, nani ameugua, nani amefariki. Majibu yaliandikwa kwenye fomu, fomu zikaletwa Kibuye kwa maboksi, na makarani wakazichapa.

Miaka ile ufuo wote wa ziwa ulikuwa na kazi za namna hiyo. Kisian, kwenye barabara ya kwenda Busia, watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walikuwa na jaribio kubwa la vyandarua vilivyotiwa dawa, katika vijiji zaidi ya 200 vya Asembo na Gem. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003, yakaonyesha kwamba vyandarua vile vinaokoa watoto wachanga hata mahali ambapo malaria haipumziki mwaka mzima. Vijana wanaosoma leo jedwali la utafiti kama ule wanaona tarakimu safi. Nyuma ya kila tarakimu palikuwa na karani, kibodi na diski, na diski ndiyo ilikuwa kiungo dhaifu kuliko vyote.

Makarani wetu walichapa kwa Epi Info 6, programu ya DOS iliyotungwa na CDC huko Atlanta na kugawiwa bure. Kila fomu ilichapwa mara mbili, na watu wawili tofauti, bila mmoja kuangalia kazi ya mwenzake. Ijumaa faili mbili zililinganishwa. Palipotofautiana, fomu ilitolewa tena kwenye boksi na mkuu wa makarani akaamua. Faili iliyosahihishwa ndiyo iliyopanda kwenye seva yetu ya Novell NetWare na kupelekwa Nairobi. Zile mbili za awali, kama zilivyotoka vidoleni mwa makarani, zilibaki kwenye diski za kompyuta za mezani.

Jambo hili linahitaji kueleweka vizuri, maana yote ninayosimulia yamesimama juu yake. Ofisi nyingi zilihifadhi nakala ya seva peke yake. Seva ilikuwa na heshima yake, ilifungiwa chumbani na feni yake, na wakubwa walipokuja kukagua walionyeshwa hiyo. Lakini kazi ya wiki nzima ilikuwa nje, juu ya meza za watu, na kilichokuwa juu ya meza hakikuwa sawa na kilichokuwa ndani ya seva. Mkuu wa makarani, mama mmoja tuliyemwita Nyar Alego, aliliona hilo kabla yangu. Aliniambia siku za mwanzo kabisa, "Omera, ukitunza ya seva umetunza nilichoamua mimi. Walichoona wale wawili nacho ni cha nani?"

Hapo awali walitegemea disketi. Kila karani alikuwa na boksi lake, na kila Ijumaa alizijaza kwa faili zilizobanwa. Unyevu wa Kisumu haukuzihurumia. Ukisukuma kile kifuniko cha chuma, uliona madoa ya ukungu juu ya sahani ya ndani, na kompyuta ikaanza kukwaruza na kuuliza kama unataka kujaribu tena. Ndipo Nairobi ikatutumia draivu ya tepu. Ilikuwa ya DAT, aina ya DDS-2: kaseti ndogo inayoenea kiganjani, utepe wenye upana wa milimita 4 na urefu wa mita 120, ikibeba gigabaiti 4 kabla ya kubana chochote. Nyingi za kompyuta zetu za mezani zilikuwa na diski za megabaiti 540. Kaseti moja ingeweza kuzimeza kadhaa kwa usiku mmoja, na ilipobana, karibu zote.

Programu ya bekapu, ARCserve, ilikaa kwenye seva, na katika kila kompyuta ya mezani tuliweka wakala wake mdogo wa kuitikia. Saa iliyopangwa ikifika, seva inaziita kompyuta moja moja kupitia mtandao, kila moja inatoa faili zake, utepe unaandikwa. Hilo lilitaka usiku, kwa sababu mchana faili inayochapwa imefungwa na haiwezi kunakiliwa, na kwa sababu mtandao wetu wa megabiti 10 ulikuwa mwembamba. Ukiupitishia bekapu mchana, makarani walikaa wakitazama skrini zilizoganda. Na usiku ulitaka kompyuta ziwe zimewaka.

Niliandika memo. Nyar Alego akaisoma, akaikunja. "Radi haisomi memo," akasema, na hapakuwa na dharau katika sauti yake. Alikuwa ameshapoteza televisheni nyumbani kwake Manyatta. Tukakubaliana kwamba nitanakili saa ya chakula cha mchana, mashine chache leo, chache kesho, mpaka zote zipate zamu.

Jioni moja ya Aprili 1997, masika yakiwa yamekolea, radi ilipiga karibu kabisa na jengo. Kompyuta zote zilikuwa zimechomolewa ukutani. Asubuhi kadhaa hazikuwaka, na katika karibu zote kadi ya mtandao ilikuwa imekufa. Mbili tulipozifungua zilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, na diski zake hazikuzunguka tena.

Makarani walinitazama kama watu waliodanganywa na desturi yao. Walikuwa wamefanya kila kitu. Ila hawakuugusa waya mmoja, ule wa mtandao. Mtandao wetu haukuwa na nyaya zinazokusanyika kwenye kisanduku kimoja. Ulikuwa kebo ya shaba, koaksia, inayopita meza hadi meza kwa mstari mmoja, ikifungwa kwa kizibo cha omu 50 kila mwisho. Kanuni iliruhusu mita 185 kwa kipande kimoja. Yetu iliteremka dirishani, ikavuka uwanja, ikaingia stoo ya fomu. Uzi wa shaba uliotandazwa hewani Kisumu katika mwezi wa Aprili. Radi haikuhitaji kuupiga wenyewe. Kupiga karibu kulitosha kusukuma umeme ndani yake, na umeme huo ukaingia katika kila mashine kwa mlango wa nyuma. Waliofunga mtandao walikuwa wamebandika onyo ukutani kwamba kebo isiguswe na yeyote, na kwa sababu nzuri: ukiikata mahali pamoja, mtandao mzima unazima.

Kati ya mashine mbili zilizopoteza diski, moja zamu yake ya saa ya chakula ilikuwa imepita siku iliyotangulia. Ilirudishwa yote kutoka kwenye tepu kabla ya jua kutua. Ya pili ilikuwa haijafikiwa. Fomu zake zilichapwa upya, na karani aliyezichapa, msichana aliyekuwa ametoka sekondari juzijuzi, alikaa Jumamosi baada ya Jumamosi mbele ya maboksi yaleyale. Kuchapa mara ya pili habari za mtoto aliyekufa si sawa na kuchapa mara ya kwanza. Alikuwa ameshamjua.

Baada ya hapo sikuandika memo nyingine. Tulikaa, Nyar Alego na mimi na makarani, tukiuliza namna gani kompyuta ziwe zimechomolewa wakati wa radi na ziwe zimechomekwa wakati wa bekapu. Kwa kuwa radi za upande wetu wa ziwa ni za alasiri na jioni, mara nyingi ikifika saa mbili au tatu usiku mbingu imetulia. Palikuwa na nafasi. Lakini makarani wakati huo wako nyumbani, na mimi pia. Ndipo Nyar Alego akasema, "Muulizeni Jaduong'. Yeye ndiye anayejua mvua imekwisha."

Jaduong' alikuwa mlinzi wetu wa usiku. Alikuwa amestaafu Reli, baada ya maisha marefu katika stesheni na bandari ya Kisumu, na alibeba tabia za Reli: viatu vilivyong'arishwa, saa ya mfukoni, na imani kwamba jambo lisiloandikwa kwenye daftari pamoja na saa yake halikutokea. Kwao kulikuwa Kano, si mbali na Ahero. Tulipomweleza, aliuliza swali moja tu kuhusu mashine na mawili kuhusu watu. Humu ndani kuna nini? Ni watu wa wapi? Wako hai?

Nilimwonyesha kaseti. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Watu wa kwetu wako humu, wuoda?"

"Wako, Jaduong'. Nyumba kwa nyumba."

"Basi nifundishe."

Kilichofuata ndicho ninachokionea fahari kuliko vyote nilivyowahi kufanya na kompyuta, na sehemu kubwa yake si yangu. Katika kila mashine palikuwa na kiungo cha chuma chenye umbo la herufi T: mikono miwili imeshika kebo, mguu umechomekwa kwenye kadi. Ukiung'oa mguu kwenye kadi na kuiacha mikono imeshika kebo, mstari haukatiki. Mashine inajitoa, mtandao unabaki. Makarani walijifunza hilo kwa dakika chache. Saa kumi na moja, kama Nandi imefunga, kila mmoja alichomoa waya wa stima na kuing'oa T, akaviweka vyote viwili juu ya meza. Usiku, mbingu ikishatulia, Jaduong' alipanda na tochi yake, akarudisha T, akarudisha waya, akawasha, akaenda meza inayofuata.

DOS 6 ilikuwa na uwezo wa kuonyesha menyu mashine inapowaka. Nikaandika menyu yenye njia mbili, kazi na bekapu, na nikaipangia kwamba asipochagua mtu yeyote ndani ya sekunde 30, iende bekapu yenyewe. Kwa hiyo mzee hakuhitaji nywila wala kibodi. Asubuhi karani alichagua kazi, akaendelea. Saa nne usiku seva ilianza kuita. Skrini zilibaki zimezimwa, na taa za ofisi pia, kwa sababu wale nzi wadogo wa ziwani, ambao siku za wimbi lao hupanda juu ya maji kama moshi, huvutwa na mwanga, na feni za kompyuta ziliwanyonya wakakauka ndani juu ya bodi. Jaduong' ndiye aliyetuambia tuzime taa. Alikuwa amewafagia miaka mingi chini ya taa za stesheni.

Draivu ile nilijifunza kuisikiliza. Ilitaka kulishwa takribani nusu megabaiti kila sekunde. Ikilishwa vizuri ilitoa mlio mmoja mrefu wa utulivu. Lakini tulikuwa na kompyuta za zamani za 386 ambazo hazikuweza kutoa faili kwa kasi hiyo, na zamu yao ikifika utepe ulisimama, ukarudi nyuma kidogo, ukaanza tena, ukasimama tena, mbele na nyuma usiku kucha. Hilo lilikula utepe na kula kichwa cha draivu. Dawa yake ilikuwa kuzifanya zile za polepole zinakili faili zao kwanza kwenye nafasi ya seva, kisha seva ndiyo iandike utepe kwa mkupuo mmoja.

Kichwa kilipochafuka kwa vumbi la mbao, kaseti ya kusafishia ilisaidia mara ya kwanza na ya pili, kisha ikashindwa. Nairobi ilitaka draivu ipelekwe huko. Nyar Alego akanituma kwa fundi wa vidio pale pale Kibuye, kijana aliyetengeneza deki za mabanda ya sinema. Nilisita, akafungua. Akacheka kwa furaha. Ndani mlikuwa na ngoma ndogo inayozunguka imeinama, utepe ukizungushiwa kwa mshazari, sawa na deki ya vidio, ila ndogo. Aliisafisha kwa spiriti na kitambaa cha ngozi laini, kwa mkono mwepesi kuliko wangu, akaniambia nisiiache karibu na dirisha la upande wa maseremala. Hakutaka malipo zaidi ya ya deki ya kawaida.

Kaseti tulizizungusha kwa vizazi, kama ilivyofanywa kila mahali duniani: za Jumatatu hadi Alhamisi zikiitwa mwana, ya Ijumaa baba, ya mwisho wa mwezi babu. Mwana aliandikwa juu yake wiki iliyofuata, baba mwezi uliofuata. Babu hakuandikwa juu yake kamwe. Jaduong' hakunakili majina hayo kwenye daftari lake. Yeye aliandika tarehe, saa mvua ilipokata, mashine zilizowaka na ile iliyokataa, na kaseti aliyoikuta mlangoni mwa draivu. "Mvua imekata 8.10. Zote zimewaka 8.55. Namba 7 imekataa, nimeizima, imekubali." Kwa Kiswahili, ila saa kwa hesabu ya Kizungu, kwa wino wa buluu, usiku baada ya usiku.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Zilianza Oktoba 1997 na hazikukumbuka kwamba vuli ina mwisho. Mto Nyando ulivunja kingo, Kano ikawa maji, na watu wakahamia shuleni, makanisani, kwa jamaa zao walioko kwenye miinuko. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia Nyanza tangu katikati ya mwaka ule, na mafuriko yalikipa njia. Wahoji wetu waliacha baiskeli wakatembea, suruali zimekunjwa, fomu zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki ya sukari. Fomu zilizofika Kibuye zilikuwa na unyevu, nyingine wino umetambaa. Makarani walizianika kwenye kamba ndani ya chumba cha mikutano kabla ya kuzichapa. Na Jaduong', ambaye boma lake mwenyewe lilikuwa ndani ya maji na mke wake yuko kwa dada yake huko juu, alipanda ngazi kila usiku. Miezi ile radi hazikufuata ratiba. Daftari lake la Novemba lina saa za ajabu: 11.40 usiku, 1.15, na mara moja, "Haijakata mpaka alfajiri. Sikuwasha. Leo hakuna." Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi. Alikuwa na ujasiri wa kuandika kwamba usiku huo hakuna.

Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Jengo la Ufundi liliporomoka, na lile la Benki ya Ushirika likabaki bila vioo, limejeruhiwa juu hadi chini. Katikati ya msiba ule mkubwa ofisi nyingi nchini zilianza kujiuliza kitu ambacho hazikuwahi kujiuliza: karatasi zetu na mashine zetu zikizikwa pamoja, nje kumebaki nini? Kabla ya mwezi kwisha tulipewa agizo kwamba babu wote watoke ndani ya jengo. Tukawapeleka kwenye chumba cha hazina cha benki mjini, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Kufuli ya pili niliidai mimi. Kaseti zile hazikuwa na msimbo wa siri wowote. Mwenye draivu na programu angeweza kusoma ni nani katika kijiji gani alikufa kwa kukonda na kikohozi kisichoisha, na miaka ile katika Nyanza kila mtu alijua maana yake. Familia zilitwambia mambo hayo kwa sababu wahoji walikula kiapo cha kunyamaza. Kiapo hicho kilitufunga na sisi wa mashine.

Mwaka 2000 ukame ulishusha maji katika mabwawa ya Mto Tana na mgao wa umeme ukaingia nchini. Tulihamisha saa za bekapu kufuata ratiba ya mgao, basi, na kazi ikaendelea. Mwaka 2002 mradi ulifungwa. Samani ziliuzwa, maboksi ya fomu yakaenda Nairobi kwa lori, na kwa kuwa ghala la huko lilikuwa dogo, baada ya muda yakateketezwa kwa utaratibu uliokubaliwa. Babu walipelekwa huko pia. Jaduong' alirudi Kano na daftari zake. Aliniuliza kama ni mali ya mradi, nikamwambia mradi haukuziorodhesha. Alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 2004 nilipigiwa simu na daktari aliyekuwa akiandika ripoti ya mwisho kuhusu vifo vya wakati wa mafuriko. Alikuwa na tatizo. Kijiji kimoja cha mwinuko, kikavu, chenye kisima kizuri, kilionyesha vifo vya watoto vingi kupita kiasi kati ya Novemba 1997 na Januari 1998. Vijiji vya bondeni vilivyomezwa na maji vilionekana kana kwamba vimesalimika. Ukiamini jedwali, ungepeleka dawa na visima juu mlimani na kuwaacha wa bondeni wanywe maji ya mto.

Nyar Alego alijua papo hapo. Kanuni ya mradi ilisema mtu ahesabiwe mahali alipolala wakati wa ziara, na yeye alikuwa ameisahihisha kila fomu kufuata kanuni, kama alivyoagizwa. Familia zilizokimbilia mwinukoni zilihesabiwa za mwinukoni, na watoto waliougua bondeni wakafa juu waliandikwa wa juu. Kijiji cha asili kilikuwa kwenye fomu, na fomu hazikuwapo tena. Seva ilikuwa na faili iliyosahihishwa tu. Lakini makarani wawili, kila mmoja peke yake, walikuwa wamechapa fomu kama ilivyokuja, pamoja na kijiji cha asili, kabla ya sahihisho lolote. Faili zao zilikaa juu ya meza mbili, na meza mbili zile ziliitwa kila usiku saa nne.

Kaseti zilikuwapo. Draivu ya DDS-2 haikuwapo, ila draivu ya DDS-3 husoma utepe wa DDS-2, na ofisi moja ya Nairobi ilikuwa nayo bado, pamoja na seva kuukuu yenye ARCserve. Kilichokosekana kilikuwa orodha. Programu ile huweka orodha ya yaliyomo kwenye seva, na seva yetu iliuzwa. Lebo ya kaseti ilisema Novemba 1997, basi. Je, usiku ule meza zile mbili zilikuwa zimewaka? Kuisoma kaseti yote kuanzia mwanzo, na nyingine baada yake, kwenye draivu ya kuazima iliyozeeka, ilikuwa hatari. Kichwa kibovu kingeweza kuukwangua utepe mara moja tu na kuumaliza.

Nilikwenda Kano. Mjane wa Jaduong' alinitolea daftari kutoka kwenye sanduku la bati, zimefungwa kwa kitambaa. Kaseti ya mwisho wa Novemba ilikuwa imeandikwa usiku ambao mashine tatu zilikataa, na mojawapo ilikuwa ya mmoja wa makarani wale wawili. Lakini wiki moja baadaye, Ijumaa, alikuwa ameandika: "Mvua imekata 9.30. Zote zimewaka, hata namba 4 na 11." Kaseti ya Ijumaa ile haikuwa babu. Ilikuwa baba, ambaye kwa kawaida angeandikwa juu yake mwezi uliofuata. Ila mwezi uliofuata barabara ilikuwa imekatika, kaseti mpya ya babu ikachelewa, na Nyar Alego aliiweka hiyo kando isiguswe, mahali pake. Ilikuwa ndani ya lile sanduku la chuma.

Ilisomeka. Palikuwa na faili chache za mwishoni zilizoharibika, za mashine nyingine kabisa. Daktari alizipanga upya familia kwa vijiji vyao vya asili, na jedwali likageuka: vifo viliteremka bondeni, ambako vilitokea, kando ya Nyando, kwa watu waliokunywa maji ya mafuriko.

Ripoti ilipotoka, ukurasa wa shukrani uliwataja wafadhili, madaktari, machifu, wahoji na makarani. Nilimwandikia daktari barua, nikaambatisha nakala ya kurasa mbili za daftari, ile ya Ijumaa na ile iliyosema leo hakuna. Alinijibu kwamba toleo la kwanza limeshachapwa. Katika toleo la pili, chini ya majina ya makarani, pameongezwa mlinzi wa usiku wa ofisi ya Kibuye, jina lake kamili na la baba yake, na maneno kwamba kumbukumbu zake ndizo zilizowezesha jedwali la nne. Nilimpelekea mjane nakala moja. Mjukuu wake alimsomea.